Mashujaa wasiopewa nafasi: mwongozo wa kuendesha mchezo wa kuigiza mezani

Kila nikimaliza kuendesha mchezo kwa watu wageni, nakutana na maswali matatu yaleyale. Lazima kununua kitabu? Anayeshinda ni nani? Na la tatu, ambalo mtu husubiri wenzake watoke kwanza ndipo aulize: "Sasa siku nikiwa msimulizi mimi, nitasema nini?" La kwanza, hapana. La pili, hakuna anayeshinda, kama ambavyo hakuna mshindi kwenye kupiga soga. La tatu ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Kwa ambaye hajawahi kuuona: mchezo wa kuigiza mezani ni hadithi inayotungwa kwa mdomo, papo hapo, na watu waliokaa pamoja. Kila mchezaji ana mhusika wake mmoja. Msimulizi anashika kila kitu kilichobaki: adui, mama mwenye nyumba, mvua, mgambo, paka wa jirani. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo yana mashaka, dadu zinaamua. Wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ulikuwa wa mapanga na mazimwi. Tangu hapo imetungwa ya kila namna. Ninaoeleza hapa ni wa watu wenye vipaji visivyo vya kawaida lakini vidogo, watu ambao mtaa wao hauwatarajii lolote.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua kanuni: steringi hafi. Kwenye mchezo huu pia hafi. Ila analipa. Shika hilo, mengine ni utaratibu.

Vitu vya kuwa navyo

- Wachezaji watatu au wanne, na wewe. Wakiwa sita, mtu mmoja ataishia kuchezea simu.
- Dadu mbili. Za ludo zinatosha kabisa.
- Karatasi moja kwa kila mtu, kalamu ya risasi na kifutio. Kalamu ya wino utaijutia.
- Visoda ishirini hivi. Muuza duka atakupa bure na kukushangaa. Kete za bao nazo zinafaa.
- Karatasi ndogo iliyoandikwa herufi X kubwa. Kazi yake nitaieleza.
- Saa tatu mfululizo ambazo hakuna atakayeitwa nyumbani.
- Vitafunwa visivyochafua vidole. Karanga, kashata, bisi. Mishikaki ije mwisho, nimepoteza karatasi nyingi kwa mafuta.

Kanuni zenyewe

Kila shujaa ana sifa nne: Mwili, Akili, Ulimi na Moyo. Mchezaji anazigawia namba hizi apendavyo: +2, +1, 0, na -1. Jambo likiwa na mashaka, rusha dadu mbili, jumlisha, ongeza sifa inayohusika.

Kumi au zaidi: amefanikiwa. Saba hadi tisa: amefanikiwa lakini kuna bei, na bei unaitaja wewe. Sita kushuka chini: mambo yanaharibika na unaisukuma hadithi mahali pabaya zaidi. Muundo huu wa ngazi tatu ulienezwa na Vincent Baker na Meguey Baker kuanzia mwaka 2010, na michezo mingi mno imeuazima tangu wakati huo.

Kwa nini unawafaa wanyonge? Hesabu kidogo, halafu tunaachana nayo. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Mwenye sifa ya sifuri anapata kumi na kuendelea katika namna 6 tu. Saba hadi tisa ni namna 15, na kuharibikiwa ni 15. Mwenye +2 anapindua: 15 za kufanikiwa, 15 za katikati, 6 za kuharibikiwa. Tazama ile ya katikati: haikusogea. Hata aliye hodari, mara nne hivi katika kila kumi ataupata ushindi wenye bei. Humo ndimo mchezo unamoishi.

Hakuna namba za uhai. Kuna hali nne: amechoka (anapunguza 1 kwenye Mwili), amechanganyikiwa (Akili), ameaibika (Ulimi), ana hofu (Moyo). Zikimpata zote nne, anatolewa nje ya tukio hilo: anazimia, anakamatwa, anakimbia. Tutaona baadaye zinavyofutwa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mtaa, achana na dunia.

Anayeanza hutaka kuokoa bara zima. Mnyonge hana nauli ya kufika huko. Chagua mahali ambapo mtu anaweza kuvuka kwa miguu ndani ya saa moja, na ambapo nyote mezani mnapajua harufu yake. Mimi huanzia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, pale Magogoni kando ya kivuko cha Kigamboni. Kuna mnada wa alfajiri, kuna mama wa kukaanga, kuna wabeba mizigo, kuna foleni ya kivuko, na kila mtu ana haraka. Wewe chagua pako: stendi, gati, mgodi mdogo, mtaa wa mafundi gereji.

Chora ramani mbaya kwenye karatasi. Kila mchezaji aweke kitu kimoja na mtu mmoja. Mkifika hapo mtaa umeshakuwa wao, na watakasirika ukiguswa, ambako ndiko unakotaka.

2. Tungeni mashujaa pamoja, mkiwa mmekaa.

Usimruhusu mtu aje na shujaa aliyemtunga usiku peke yake. Kila shujaa anahitaji vitu vinne:

Shughuli ya kila siku. Kipaji kimoja. Kero ya kipaji hicho. Na mtu anayemtegemea, mwenye jina.

Kero ndiyo roho ya shujaa. Mara yangu ya kwanza kuendesha, nilimkubalia rafiki mmoja shujaa anayeweza kunyanyua basi. Nilipomwuliza kero yake akasema "ana hasira". Mchezo uliisha kwa dakika ishirini, kwa sababu kila tatizo lilitupiwa basi. Sasa nauliza hivi: kipaji chako kinakuumbua vipi mbele za watu? Mifano iliyopita mezani kwangu:

Zuhura, mkaangaji samaki. Muda unasimama kwa kadiri anavyobana pumzi. Ana kifua cha moshi, hafikishi nusu dakika. Anayemtegemea ni mdogo wake Salma, yuko kidato cha pili.

Kibe, konda wa daladala. Akitaka, sauti yake inafika mji mzima. Tatizo ni hilohilo: inafika mji mzima, hawezi kumnong'oneza mtu mmoja. Bibi yake hasikii vizuri, na humsikia yeye tu.

Mwalimu Tenga, wa tuisheni. Anapita ukutani. Nguo hazipiti.

Dogo Issa, mbeba mizigo. Anaelewa lugha ya kunguru, na Dar kunguru ni wengi kuliko daladala. Ila kunguru hawana habari na lolote lisilo chakula, kwa hiyo ukimwuliza kunguru mtu alikoelekea, atakujibu mtu huyo alikula wapi.

Unaona jinsi Mwalimu Tenga anavyojiendesha mwenyewe? Huhitaji kumtungia tatizo.

Onyo mbili hapa. Kwanza, kero iwe ya kipaji, isiwe ya maumbile ya mtu. Ulemavu usiwe kichekesho. Na usimpe mhusika mwenye ualbino nguvu za kimiujiza, hata kwa nia njema. Imani za namna hiyo zimeua watu wa kweli kwetu. Pili, kubalianeni mapema kama vipaji hivi ni uchawi au la. Nyumba nyingi neno hilo litawaondoa watu mezani. Mimi nasema "kipaji" na sielezi kilitoka wapi. Hakuna mchezaji aliyewahi kudai maelezo.

3. Tunga adui mmoja mwenye sababu.

Adui anayetaka "kutawala dunia" hana la kuzungumza na mkaangaji samaki. Mpe anachokitaka katika mtaa uleule, na iwe rahisi kumwelewa. Wangu ni Bosi Barafu. Akigusa maji yanaganda. Alikuwa mbeba mizigo, alilala kwenye vizimba vya soko, akaona samaki wakioza mikononi mwa wavuvi maskini kwa kukosa barafu. Sasa barafu yote ya soko ni yake, anaikopesha, na daftari la madeni liko ofisini kwake. Yeye anaamini kabisa kwamba anasaidia.

Kisha andika milango mitatu ya kumshinda, na hakuna hata mmoja ambao ni ngumi. Bosi Barafu: daftari lake likipotea, hana mkono kwa mtu. Barafu yake inayeyuka haraka kuliko ya kawaida, na hataki wateja wajue. Mama yake mzazi bado anakaanga mihogo Kigamboni na hajaambiwa kijana wake anafanya nini. Wachezaji wakibuni mlango wa nne ulio mzuri kuliko yako, ufanye wa kweli palepale, na usiwaambie kwamba haukuwepo.

4. Chora chapati.

Chora duara, likate vipande sita. Kila kipande ni hatua ya adui kama hakuna anayemzuia. Kwangu: bei ya barafu inapanda mara mbili, wavuvi wanaanza kusaini daftari, boti la kwanza linachukuliwa, mnada unahamia ghalani kwake, barafu ya yeyote mwingine inayeyuka kiajabu, soko lote ni lake. Liweke katikati ya meza, kila mtu alione. Mambo yakiharibika vibaya, au wachezaji wakipoteza muda, paka rangi kipande kimoja. Ninaiita chapati kwa sababu adui anaila mbele yao, na hakuna kinachowaamsha wachezaji wanaosinzia kama kukiona kipande cha nne kikiondoka.

5. Fungueni kikao.

Weka ile karatasi ya X mezani. Eleza: yeyote akiigusa, jambo lililokuwa linasimuliwa linarukwa, haulizwi kwa nini. Wazo hili ni la John Stavropoulos, Mmarekani, na limeenea kwenye michezo hii kwa sababu ni rahisi. Watu hudhani halitatumika. Kwangu limetumika mara mbili, mara moja na mimi mwenyewe.

Halafu sema "Paukwa!" Wataitikia "Pakawa!" hata kama wanaona haya. Huku kwetu hiyo ndiyo kengele ya kwamba sasa tuko ndani ya hadithi, na inafanya kazi kwa watu wazima kama inavyofanya kwa watoto.

Anza na tatizo ambalo tayari limeanza. Usiwaweke mashujaa mgahawani wakisubiri kufahamiana. "Saa kumi na moja alfajiri. Boti tatu zimetia nanga, samaki wameshushwa, na barafu haijaja. Zuhura, mama mmoja anakulilia mbele ya kizimba chako. Kibe, gari lako limezibwa na mkokoteni. Mnafanyaje?" Umemaliza. Nyamaza, wasubiri.

6. Rusha dadu pale tu ambapo majibu yote mawili yanavutia.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kurushia kila kitu: kufungua mlango, kupanda ngazi, kununua vocha. Kama kushindwa hakuleti hadithi, mwache afanye. Kama kufanikiwa hakuwezekani, mwambie waziwazi. Dadu zibaki kwa jambo linalofanya meza isogee mbele.

7. Jifunze kutaja bei.

Hapa ndipo wasimulizi wapya wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Dadu zikitoa saba hadi tisa, usimpe nusu ya alichotaka. Mpe chote. Kisha taja bei. Mimi huichukua kwenye moja ya mifuko hii: muda (umefanikiwa, lakini kivuko kimeondoka), kitu (umefanikiwa, lakini sufuria ya mtaji imebaki kule), siri (umefanikiwa, lakini mtu amekuona), deni (umefanikiwa, lakini aliyekusaidia atakuja kudai), jina (umefanikiwa, na mtaa unaamini aliyefanya ni mwingine), au mojawapo ya zile hali nne. Ule wa jina ndio ninaoupenda kwa mashujaa wa aina hii. Umeokoa watoto kwenye moto, na anayepigwa picha ni mjumbe.

Inapowezekana, toa bei mbili achague. Hivi ndivyo ilivyokuwa usiku mmoja:

Mimi: Zuhura, uko ofisini kwa Bosi Barafu. Kalala kwenye kiti, mguu mmoja juu ya meza, palepale kwenye daftari.

Mchezaji: Nabana pumzi. Nainua mguu, nachukua daftari, naurudisha mguu.

Mimi: Mguu una baridi kama samaki wa jana. Rusha, ongeza Mwili.

Mchezaji: Tano na tatu. Mwili wangu sifuri. Nane.

Mimi: Daftari unalo. Ila pumzi imekuishia kabla hujafika mlangoni. Ama unalichomeka nyuma ya pipa na kumwambia, "Shikamoo bosi, nimekuja kuuliza kazi," ama unatoka nalo mbio na anauona mgongo wako. Khanga hiyo anaijua. Wewe ndiye unayemkaangia kila mchana.

Mezani kila mtu alianza kumshauri kwa wakati mmoja. Alichagua kuomba kazi. Akapewa. Vikao viwili vilivyofuata, Zuhura alikuwa mwajiriwa wa adui, jambo ambalo nisingelibuni hata ningekesha.

Na sita kushuka? Kamwe usiseme "umeshindwa, hakuna kilichotokea". Hilo ndilo kosa la kwanza kwa ukubwa. Anajaribu mlango, haufunguki. Anajaribu tena, haufunguki. Wote wanafungua simu zao. Badala yake mlango unafunguka, na ndani yupo mlinzi, na mlinzi ni mjomba wake. Dadu mbaya hubadilisha hali. Hazifungi njia.

8. Gawa visoda.

Kila shujaa anaanza na kimoja. Kero ya kipaji ikimtia matatani, na mchezaji akaikubali bila kubishana, mpe kingine. Kisoda kimoja kinaongeza 1 kwenye dadu baada ya kuanguka, zake au za mwenzake, mradi aeleze anasaidiaje. Mwisho kushika vitatu, vinginevyo kuna watu watavifanyia akiba kama VICOBA.

Usiwe bahili. Siku ambayo visoda vimebaki kwenye bakuli lako, jua hukuwabana vya kutosha.

9. Warudishe nyumbani.

Baada ya kila tukio kubwa, uliza: nani anakwenda kwa mtu wake? Zile hali nne hufutwa kwa njia moja tu: shujaa anakwenda kukaa na yule anayemtegemea, na mnaigiza mazungumzo yao, hata ya dakika tatu. Zuhura anachambua mchele na Salma. Kibe anampigia bibi kelele kuhusu dawa. Acha utani utulie wenyewe. Mara nyingi hapa ndipo mchezaji aliyekuwa kimya hufungua kinywa, maana kusema na bibi hakuhitaji kujua kanuni.

Wasimulizi huiruka hatua hii wakiona muda umekwenda. Ikibidi, ruka mapambano.

10. Pambano kubwa.

Adui ana nguvu kuliko wao wote wakijumlishwa, na hilo lisifichwe. Akimgusa mtu, mpe hali moja au mbili bila dadu. Wachezaji wakielewa kwamba ngumi hazifai, wataanza kutafuta milango. Hapo kila kipaji kidogo kiwe na nafasi yake: msimulizi mzuri hujiuliza kabla, "Kunguru wa Issa watasaidia wapi?" na kuacha upenyo, bila kuutaja. Bosi Barafu kwangu alimalizwa na Kibe, aliyesoma daftari la madeni kwa sauti ya mji mzima, jina baada ya jina, kiasi baada ya kiasi. Mama wa mihogo alisikia kutoka ng'ambo ya maji. Na kwa kuwa sauti haichagui, deni la Zuhura nalo lilisomwa, Salma akiwa darasani.

11. Funga kabla hawajashiba.

Acha swali moja wazi. Waulize walichopenda na kilichowachosha, andika, waage. Usianze kuwaeleza yale waliyokosa.

Mambo yakienda kombo

Mtu mmoja anaongea peke yake. Usimkemee. Mwangalie mwingine umtaje shujaa wake kwa jina: "Wakati huo, Mwalimu Tenga uko upande gani wa ukuta?" Ikiendelea, zungusha zamu kwa mkono wa kulia kama karata.

Mtu hasemi chochote. Mwulize maswali madogo ya kuchagua, si "unafanya nini?" bali "unaingia mbele au nyuma?" Wengine wanafurahia kusikiliza, waache.

Hawataki kulifuata tatizo ulilowaletea. Pengine liko mbali na watu wao. Lisogeze: jina la Salma limeonekana kwenye daftari.

Wanagombana kama kipaji kinaweza jambo fulani. Mwenye kipaji aseme, wewe utaje bei. Mjadala usizidi dakika moja. Vitabu vinene vya kanuni viliandikwa kwa ajili ya mabishano haya, na bado watu wanabishana.

Wamekata tamaa, kila kitu kinawaangukia. Umezidisha bei. Mpe mtaa nafasi ya kuwalipa fadhila: yule mama wa alfajiri anawafungulia mlango wa nyuma. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wanashinda kirahisi. Hesabu vipande vya chapati. Kama bado havijafika viwili baada ya saa moja, umekuwa ukiwahurumia.

Wewe hujui kitakachofuata. Sema, "Tupumzike dakika tano, chai." Hakuna atakayejua. Wakati wa chai watakuambia wenyewe wanachokiogopa kitokee. Tumia hicho.

Umeme umekatika. Washa mshumaa. Ongeza kipande cha chapati, useme ni adui.

Mchezaji anataka shujaa wake afe. Hutokea, hasa kwenye kikao cha mwisho, na ombi likitoka kwake ile kanuni ya steringi inasimama pembeni. Mwulize anakufa akifanya nini, na nani yupo karibu. Mwache asimulie mwenyewe, dadu zikiwa zimefunikwa, na wenzake wachukue kila mmoja kitu kimoja alichoacha. Tulipomzika Mwalimu Tenga, Dogo Issa alichagua nguo zake, zilizokuwa zimebaki upande wa pili wa ukuta.